Uchambuzi wa kisa: Geelong 133, Sydney 52, na majeruhi wawili wa wiki ya fainali

Kisa chenyewe

Jumamosi mchana, tarehe 24 Septemba 2022, watu 100,024 waliingia uwanja wa MCG mjini Melbourne kutazama fainali ya AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia. Ilikuwa fainali ya kwanza kuchezwa pale tangu 2019, maana mbili zilizotangulia zilihamishiwa Brisbane na Perth kwa sababu ya korona. Geelong ikaifunga Sydney 133 kwa 52. Tofauti ya pointi 81 kwenye mechi ya kutafuta bingwa, tena kati ya timu mbili ambazo hakuna aliyedai mojawapo imefika pale kwa bahati.

Nimekichukua kisa hiki kwa ajili ya makocha na viongozi wa timu, wa mchezo wowote ule, kwa sababu ya jambo lililotokea kabla mpira haujadundishwa. Kila timu ilikuwa na mchezaji aliyeumia kwenye nusu fainali, na kila benchi la ufundi lilikuwa na siku chache za kuamua. Moja likamwacha majeruhi wake nje, jingine likampanga wake. Majina ya wachezaji hao wawili nimeyaacha, na ya majeruhi wengine watakaotajwa bila jina huko mbele pia. Mchezaji akiambiwa kuna fainali atasema yuko fiti, na huwezi kumlaumu. Ninaowachambua ni walioamua.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeufuatilia

Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani, na uwanja una umbo la yai, mrefu kuliko wa soka kwa mbali. Kila upande una nguzo nne zilizosimama bila mwamba wa juu. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili za katikati ni goli, na goli lina pointi sita. Ukipita kati ya nguzo ya katikati na ya pembeni, unapata pointi moja. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namna inayomchanganya mgeni: Geelong 20.13, yaani magoli 20 na pointi moja moja 13, jumla 133. Sydney walikuwa 8.4. Robo ni nne, kila moja dakika 20, lakini saa husimamishwa mpira unapotoka au kukwama, kwa hiyo robo moja inaweza kufika nusu saa.

Kuna mambo matatu ambayo bila kuyajua kisa hiki hakieleweki.

La kwanza ni kuanza upya baada ya goli. Kwenye soka, aliyefungwa ndiye anayeanza na mpira. Hapa, mwaka 2022, mwamuzi aliudundisha katikati ya uwanja, na yeyote aliugombea. Timu iliyofunga inaweza kuunyakua tena na kurudi golini kabla hata mashangilio hayajaisha. Na tangu 2019 kuna kanuni kwamba wakati wa kuanza upya kila timu iwe na wachezaji sita mbele, sita katikati na sita nyuma. Huwezi kurundika watu nyuma ili upumue. Timu ikianza kuvuja damu, kanuni zenyewe hazimruhusu mtu kufunga kidonda haraka.

La pili ni mpira wa nje. Mwaka 2022, ukitoka pembeni, kwa kawaida mwamuzi wa mstari aliurusha kinyumenyume juu ya kichwa chake kuurudisha uwanjani, na warefu wawili, mmoja kutoka kila timu, waliuruka. Hao nitawaita warukaji. Kazi yao kwa kawaida ni kuupangusa mpira kwa mkono umfikie kiungo aliye chini yao. Lakini mwaka huo huo wa 2019 kanuni ililegezwa: mrukaji akiamua kuudaka moja kwa moja na kukabwa papo hapo, hahesabiwi tena kuwa alikuwa na nafasi ya kuutoa. Zamani kudaka vile kulikuwa kamari, maana ukikabwa umetoa faulo.

La tatu ni benchi. Mwaka 2022 wanne wa benchi waliingia na kutoka na kuingia tena, na kila timu iliruhusiwa mabadiliko 75 kwa mechi. Zaidi ya hao wanne kulikuwa na mtu mmoja wa akiba ya kitabibu. Huyo aliingia tu pale daktari alipotamka kwamba mwenzake hawezi kuendelea, na anayetoka kwa njia hiyo harudi. Mtu mmoja, mara moja, basi.

Walivyofika hapo

Geelong walimaliza ligi kileleni, wakishinda mechi 18 kati ya 22, na 13 za mwisho mfululizo. Mechi yao ya kwanza ya mtoano waliponea kwa Collingwood kwa pointi 6 tu. Nusu fainali wakaibomoa Brisbane kwa 71. Wakaja fainali na ushindi 15 mfululizo, na pia wakaja na jina baya. Tangu ubingwa wa 2011 walikuwa wakionekana karibu kila mwaka kwenye hatua za mwisho na kuanguka, ikiwemo fainali ya 2020 waliyoipoteza kwa Richmond kwa pointi 31. Kikosi chao kilikuwa na wastani wa umri unaozidi miaka 28, kizee kuliko chochote kilichowahi kucheza fainali ya ligi hiyo. Nahodha Joel Selwood na mshambuliaji Tom Hawkins walikuwa na miaka 34 kila mmoja. Watu waliwacheka kwamba ni timu ya wastaafu.

Wasichokiona wengi ni jinsi walivyoitunza miili hiyo. Patrick Dangerfield, kiungo wa miaka 32, aliwekwa kando kwa wiki kadhaa katikati ya msimu ili ajengwe upya, wakati timu bado inahitaji pointi. Na kocha Chris Scott, aliyekuwa ameshutumiwa kwa mchezo wa kupooza, mwaka huo aliwaruhusu kuupeleka mpira mbele kwa kasi.

Sydney walimaliza wa tatu kwa ushindi 16. Waliwafunga mabingwa watetezi, Melbourne, kwa 22 palepale MCG, halafu nusu fainali wakawazidi Collingwood 95 kwa 94, mechi ambayo waliongoza kwa mbali kisha wakaishia kuning'inia. Walikuwa vijana, wanakimbia. Na walikuwa wameshawafunga Geelong mwezi Machi, usiku ule ambao Lance Franklin alifunga goli lake la 1,000 na watazamaji wakamiminika uwanjani hadi mchezo ukasimama kwa muda mrefu.

Geelong walicheza nusu fainali Ijumaa tarehe 16, Sydney Jumamosi tarehe 17. Siku moja inaonekana ndogo, lakini kwa msuli uliochanika ni nyingi. Isitoshe Geelong walimaliza mechi yao wakiwa na ushindi mfukoni mapema, Sydney walipigana hadi sekunde ya mwisho.

Wiki ya uamuzi

Majeruhi wa Geelong alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mkimbiaji wa pembeni, aliyeumia msuli wa nyuma ya paja kwenye nusu fainali. Alikuwa na msimu mzuri na kasi yake ilikuwa sehemu ya ule mchezo mpya wa timu. Wiki nzima alipigania nafasi. Mwishoni wakamwacha, na nafasi ikaenda kwa Mark O'Connor, Mwairilandi asiye na kasi ile lakini mwenye mwili mzima na mazoea ya kumkaba mtu. (Yeye na Zach Tuohy ndio Wairilandi wa kwanza kutwaa ubingwa huo tangu Tadhg Kennelly mwaka 2005, na Kennelly alikuwa wa Sydney.)

Majeruhi wa Sydney alikuwa mtu mzima, mrefu, mchezaji wa mbele ambaye pia alimpokea mrukaji mkuu anapopumzika. Alikuwa amekwisha kuonja ubingwa na klabu hiyo. Aliumia nyonga, ile misuli ya ndani ya paja. Benchi likamfuatilia, likaridhika, likampanga aanze.

Ukiangalia kwa haraka utasema mmoja alikuwa mwoga na mwingine jasiri. Mimi naona tofauti iliyokuwa muhimu zaidi ni aina ya kazi. Kijana wa Geelong alikuwa na silaha moja, kasi, na kidonda chake kilikuwa mahali kasi inapotoka. Ukimwacha, unajua hasa umepoteza nini, na wapo wengine 22 wa kuziba. Mrefu wa Sydney alikuwa na kazi mbili, na ukimwondoa unapaswa kupanga upya safu ya mbele na zamu za mrukaji kwa pamoja, siku mbili kabla ya fainali. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mchezaji mgumu kumbadilisha ndiye anayevumiliwa akiwa mgonjwa, wakati yeye ndiye ambaye akianguka katikati ya mechi anabomoa vitu viwili kwa mpigo.

Robo ya kwanza

Mpira ulianza tu, Geelong wakaupeleka mbele, ukatoka pembeni karibu na goli la Sydney. Mwamuzi akaurusha. Hawkins, ambaye si mrukaji bali mshambuliaji wao mkuu, ndiye aliyesimama kuruka upande wa Geelong. Hakuupangusa kwa yeyote. Aliudaka mkononi, akageuka kwa mwili wake wote, akapiga. Goli. Dakika chache baadaye hali ileile, mpira wa kurushwa karibu na goli, mikono ileile, mguu uleule. Goli la pili.

Nimezirudia picha hizo mara nyingi kwa sababu zinafundisha kuliko mabao 18 yaliyofuata. Haikuwa bahati. Mpango mzima ulikuwa: ukiufikisha mpira mbele na ukashindwa kuumalizia, usiogope, ukitoka nje tutamleta mtu mzito kuliko wote kwenye marusho. Kanuni ya 2019 ilikuwa imefanya jaribio hilo liwe la bure: akidaka na kukabwa, mbaya zaidi mpira unarushwa tena. Sydney walijua Hawkins hufanya hivyo, ligi nzima ilijua. Walichokosa ni mtu wa kumzuia asijipange kabla ya mpira haujashuka. Mara ya kwanza unaweza kusema amekuzidi. Mara ya pili, dakika chache baadaye, ungetarajia mtu awekwe mbele yake na mwingine nyuma yake, hata kwa gharama ya kumwacha mwenzake wazi. Hilo halikufanyika kwa wakati.

Baada ya hapo mafuriko. Robo ya kwanza iliisha 6.5 kwa 1.0, yaani 41 kwa 6. Vijana wa Sydney waliokuwa wakikimbia msimu mzima walionekana wamefungwa kamba miguuni. Kila walipoudaka mpira palikuwa na Geelong wawili wamekwisha kufika. Dangerfield alikuwa kila penye msongamano. Isaac Smith, winga wa miaka 33, alikuwa akikimbia peke yake upande wa pili bila mtu wa kumfuata.

Robo zilizobaki

Robo ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayonivutia. Geelong walipata 21, Sydney 20. Sare, kwa maana yote. Sydney walipata magoli matatu, Chad Warner wa miaka 21 akawa anawabeba katikati. Walikwenda mapumzikoni 62 kwa 26. Walikuwa wamecheza robo nzima kwa kiwango cha fainali na pengo limeongezeka kwa pointi moja.

Robo ya tatu Geelong walipata 39, Sydney 1. Magoli sita kwa sifuri. Katika robo hiyo mrefu wa Sydney mwenye nyonga alitolewa, akiba ya kitabibu ikaingia. Mwisho wa robo ubao ulisoma 101 kwa 27.

Ya nne haina cha kuchambua. Selwood alifunga goli na wenzake wote wakamrukia. Ilikuwa mechi yake ya 355, na siku chache baadaye alistaafu. Smith alipata magoli matatu na nishani ya Norm Smith ya mchezaji bora wa fainali, mzee kuliko wote waliowahi kuipata. Tyson Stengle alifunga manne. Franklin hakupata hata moja.

Uamuzi ule uligharimu nini hasa

Siku iliyofuata maelezo ya mtaani yalikuwa mepesi: Sydney walimchezesha mgonjwa, wakafungwa. Hesabu haikubali. Mtu mmoja kati ya 18 hatengenezi pointi 81. Angekuwa mzima kabisa, Hawkins angedaka ile mipira miwili vilevile, na Smith angekimbia vilevile. Geelong walikuwa bora, na nadhani wangeshinda hata kwa kikosi kingine chochote ambacho Sydney wangekileta.

Gharama ya kweli iko kwenye uwezo wa kurekebisha. Fikiria kocha wa Sydney, John Longmire, mwishoni mwa robo ya kwanza, 41 kwa 6. Anataka kubadilisha kitu. Mrefu mmoja hajiwezi sawasawa, kwa hiyo hawezi kumpa mrukaji mkuu mapumziko marefu. Mrukaji akichoka, Geelong wanapata mpira wa kwanza katikati, na tumeona mpira wa katikati baada ya goli una maana gani. Mtu anayehitaji kutoka kila mara kuangaliwa na daktari anakula mabadiliko ambayo wengine wangeyatumia kupumua, na vijana wa Sydney wanaishi kwa mapafu. Akiba ya kitabibu ipo, lakini nahisi kila benchi duniani lingefanya walichofanya: ngoja kidogo, labda atapata moto. Kumtoa mapema ni kukiri mbele ya watu 100,000 kwamba Alhamisi mlikosea. Basi mnangoja. Robo ya pili ile, ambayo vijana walipigana sare, ndiyo ilikuwa saa ya kuwaongezea mtu mwenye miguu mipya. Alipoingia, mechi ilikuwa imekwenda.

Kwa hiyo ninavyolisoma mimi, kumpanga majeruhi hakukupoteza fainali. Kulipoteza zana pekee ya kuirekebisha, kabla fainali haijaanza.

Geelong kwa upande wao walikuwa na akiba yao kamili, watu 22 wazima, na kama Dangerfield angechanika msuli dakika ya kumi wangekuwa na jibu. Na timu inayojua jibu lipo inacheza kwa uhuru mwingine, na inaweza kuwasukuma wazee wake kwa nguvu zote tangu mwanzo. Kikosi cha wastani wa miaka 28 hakianzi fainali kwa mwendo ule kama benchi linaogopa nani atadondoka kwanza.

Majaribio ya mazoezini

Kuna jambo la kiufundi ambalo makocha wa kwetu pia wanalikosea. Majeruhi akipimwa kabla ya mechi, kwa kawaida anakimbia mbele, anaongeza kasi, anageuka kwenye koni alizoziona toka mbali, anapiga mipira kadhaa. Akimaliza bila kushika paja, anaambiwa amepita. Kwa msuli wa nyuma ya paja kipimo hicho kinasema ukweli kiasi, kwa sababu unaumizwa na kasi na kasi umeipima. Kwa nyonga kinadanganya. Misuli ya ndani ya paja inalemewa pale mguu unapovutwa pembeni bila kutarajia: unapigwa kikumbo hewani, unatua kwa mguu mmoja, mtu anakuvuta huku unajaribu kupiga. Hakuna koni inayofanya hivyo. Na kazi ya mrukaji msaidizi karibu yote ni hiyo.

Ajabu ni kwamba kwa kipimo hicho, aliyekuwa na hoja nzuri zaidi ya kucheza alikuwa yule kijana wa Geelong, na ndiye aliyeachwa.

Nisije nikaonekana nasema Sydney hawajui tahadhari. Mwaka 2016, chini ya Longmire huyuhuyu, walifika fainali bila Aliir Aliir, beki aliyeumia goti kwenye nusu fainali. Wafuatiliaji wa Kenya wanamfahamu: alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akahamia Australia akiwa mtoto. Sydney hawakumlazimisha, na bado walipoteza kwa Western Bulldogs kwa pointi 22. Kumwacha majeruhi hakuleti kombe. Huenda kumbukumbu kama hiyo nayo inamsukuma mtu upande wa pili safari inayofuata. Benchi lililowahi kupoteza bila mtu wake linashawishika kirahisi kupoteza naye.

Kilichofanya kazi bila kelele

Sifa za Geelong ziliishia kwa wazee waliofunga. Mimi ningezigawa tofauti. Zile wiki za Dangerfield nje ya uwanja katikati ya msimu zilikuwa uamuzi uleule wa Septemba, uliofanywa mapema na kwa hasara ndogo. Klabu iliyokwisha kuzoea kumwambia nyota wake "wiki hii kaa", haipati taabu kumwambia kijana hivyo wiki ya fainali. Imekuwa desturi, si kelele za dharura. Sydney, kikosi cha vijana walio fiti wakati mwingi, hawakuwa na zoezi hilo kiasi kile.

Na kitu kingine: O'Connor hakuombwa awe yule kijana. Hakuna aliyemwambia akimbie pembeni kwa kasi isiyokuwepo. Kazi ya kasi walipewa Smith na wengine, yeye akapewa kukaba. Makocha wengi wakimkosa mtu wanamtafuta anayefanana naye, wanapata nakala hafifu, kisha wanashangaa.

Miaka mitatu iliyofuata

Pointi 81 zilikuwa sawa na zile ambazo Richmond waliwafunga nazo Collingwood kwenye fainali ya 1980, na bado ziko mbali na rekodi ya 119 ambayo Geelong hao hao waliiwekea Port Adelaide mwaka 2007, Selwood akiwa kijana wa msimu wa kwanza. Vipigo hivi haviponi haraka, wala ushindi wake haudumu: mwaka 2023 Geelong hawakufika hata hatua ya mtoano, na Sydney walitolewa mechi ya kwanza tu.

Mwaka 2024 Sydney walirudi fainali, safari hii wakiwa vinara wa ligi, dhidi ya Brisbane. Nahodha wao aliyeumia paja walimwacha. Lakini mshambuliaji mrefu aliyekuwa na tatizo la kifundo cha mguu walimpanga aanze. Alitolewa nusu ya pili, mechi ikiwa imekwisha kuharibika. Brisbane walikuwa wamempoteza mrukaji wao mkuu aliyeteguka bega kwenye nusu fainali. Wakamweka Darcy Fort, mtu wa akiba, aliyewahi kuwa Geelong, naye akafanya kazi yake. Matokeo 120 kwa 60. Longmire aliondoka mwezi Novemba mwaka huo baada ya fainali nne za kupoteza na moja ya kushinda.

Kufikia hapo kanuni ilikuwa imebadilika. Tangu 2023 mtu wa akiba hakuhitaji tena karatasi ya daktari. Kocha angeweza kumwingiza kwa sababu za kimbinu, wakati wowote. Brisbane waliona mlango ambao wengine hawakuuona. Walipofika fainali ya 2025 dhidi ya Geelong, nahodha mwenza Lachie Neale alikuwa na kigimbi kilichoumia katika hatua hizohizo za mtoano, na watu walikuwa wamekwisha kumhesabu nje ya msimu. Hawakumwanzisha, na hawakumwacha nyumbani. Walimkalisha kwenye kiti cha akiba. Kigimbi kikigoma akiwa bado kwenye kiti, timu haijapoteza chochote ilichokuwa inakitegemea. Kikikubali, anaingia mtu wa daraja lake wakati wapinzani wamechoka, kwa dakika chache ambazo mguu wake unaweza kuzimudu.

Timu zilikwenda mapumzikoni sare. Neale akaingia nusu ya pili, akafunga goli, na Brisbane wakamaliza 122 kwa 75.